Kutengeneza Nyuma ya Nyumba ya Zamani, Kiangazi kwa Kiangazi

Nyumba ya zamani huanza kuharibika kwa nyuma. Mbele pana baraza, pana ufagio wa kila asubuhi, na pana macho ya wageni. Lakini nyuma ndipo maji ya vyombo yanapomwagwa, ndipo jivu linapotupwa, ndipo kuni zinapoegemezwa ukutani, na ndipo paa linapomwaga maji yake pasipo mtu wa kuyaangalia. Miaka ikipita, mwenye nyumba huona ufa katika ukuta wa nyuma. Humwita fundi auzibe kwa saruji, na mvua za mwaka wa pili ufa hurudi pale pale. Makala haya yaeleza kwa nini ufa hurudi, na jinsi mtu mwenye fedha kidogo awezavyo kuutengeneza upande ule wote, ukuta, jiko na uwanja, bila ya kuingia katika deni.

Katika nchi ya Saboti, chini ya Mlima Elgon, nyumba za namna hii ni nyingi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na walowezi wa Kizungu walijenga nyumba za mawe, za matofali na za mbao katika mashamba yao makubwa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi waliochanga hisa, kisha yakagawanywa. Jamaa wengine waliingia katika majumba waliyoyakuta. Wengine wengi walijijengea nyumba zao za fito na udongo, au za matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa matope, wakaziezeka kwa mabati. Leo nyumba hizo zina umri wa miaka 40, 50, au zaidi, na si ajabu kuona nyumba kama hizo hadi Bungoma.

Mtu aweza kuuliza, mbona zisibomolewe zikajengwa mpya? Wenye uwezo wafanye hivyo. Lakini katika sehemu hizi fedha nyingi za nyumbani hutoka katika mahindi, nayo mahindi huvunwa mwishoni mwa mwaka, na mwezi wa Januari watoto hudaiwa karo. Mtu aliyebomoa chumba mwezi wa Desemba kwa tumaini la kukijenga mwezi wa Februari hujikuta ana matofali nusu, hana saruji, na mvua inakaribia. Tumewaona waliolala na watoto chini ya turubai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo shika kanuni moja katika kazi yote: kila kiangazi fanya sehemu ambayo hata kama fedha zikikatika kabisa, nyumba itasimama vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa jana. Tena sehemu ya kwanza iwe ni maji.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya kawaida, yenye urefu wa mita 9, na upande wa nyuma wa paa lake unafunika mita 4 kwa upana ukipimwa chini juu ya ardhi. Hizo ni mita za mraba 36. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi mvua moja nzuri ya milimita 25, ambayo si ajabu hapa wakati wa masika, itamwaga lita 900 nyuma ya nyumba ile, yaani kiasi cha madebe 45. Katika mwaka wenye mvua ya milimita 1,200, upande ule mmoja wa paa utamwaga lita 43,200. Fikiri mtu akija kila siku ya mvua na madebe 45, akiyamwaga moja moja chini ya ukuta wako wa udongo. Ungemfukuza. Walakini paa hufanya kazi hiyo miaka 50 na hakuna anayelikemea.

Mbali na maji ya paa, yako maji ya mlimani. Saboti imekaa juu ya mteremko, na nyumba nyingi zilijengwa zielekee barabara bila kujali mteremko unatoka wapi. Kama nyuma ya nyumba yako ndiko juu, basi maji yote ya shamba lililo juu yako huja kupumzika kwenye ukuta wa nyuma.

Ndiyo sababu kazi ya kwanza haina gharama yo yote. Mvua kubwa ya alasiri ikinyesha, vaa koti, chukua vijiti kumi, utoke nje. Chomeka kijiti mahali maji yanapoingia uwanjani, pengine mahali yanaposimama, pengine yanapotokea. Tazama ukuta: matope yanayoruka kutoka ardhini yanaupaka hadi juu kiasi gani? Mvua ikikatika utakuwa na ramani ya maji, na fundi hataweza kukudanganya. Fanya hivyo mara mbili au tatu katika msimu mmoja kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Jambo jingine la kutazama ni usawa wa ardhi. Uwanja wa nyuma hukua. Jivu, maganda, vumbi la ufagio na udongo ulioletwa na maji hujilundika mwaka hata mwaka, hata sakafu ya nyumba ikawa chini kuliko uwanja. Wengi hudhani nyumba imezama, kumbe ni uwanja uliopanda. Udongo ule ukigusa ukuta juu ya msingi, unyevu hupanda ndani ya matofali na fito, na mchwa hupata njia ya siri hadi kwenye mapau. Chukua jembe na toroli, uuondoe udongo huo hadi msingi uonekane, angalau sentimita 15 ukiweza. Lakini usichimbe chini ya kitako cha msingi. Nyumba nyingi za zamani zina msingi mfupi sana, na nyingine zimekaa juu ya mstari mmoja wa mawe tu. Ukiuchimbua mstari huo kwa pamoja, ukuta utakufuata shimoni. Kama msingi wenyewe umeliwa na maji, fundi autengeneze kwa vipande: achimbe mita moja, ajenge, angoje ukauke, kisha aruke mbele achimbe mahali pengine, asichimbe vipande viwili vilivyo jirani kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuchimba popote, waulizeni wazee. Katika mashamba yaliyobadilishwa wenyewe, chini ya majani huenda pana shimo la zamani la choo au la maji machafu lililofunikwa kwa mbao, na mbao huoza. Tena jamaa wengi huzika watu wao nyumbani, na si kila kaburi lina saruji juu yake. Mtaro uliopita juu ya kaburi la babu wa jirani utaleta kesi ambayo maji hayangeileta.

Mtaro wenyewe uwe upande wa juu, mita 3 hivi mbali na ukuta, uyapokee maji ya mlimani kabla hayajafika nyumbani na kuyapeleka kando. Mwinamo wake uwe mdogo, sentimita 1 kwa kila mita 1 yatosha. Mtaro wenye mwinamo mkali huchimbwa na maji yake wenyewe, na baada ya miaka mitatu huwa korongo. Kipimo chaweza kupatikana kwa kamba, mambo mbili na chupa ya maji kama huna pima maji ya fundi. Udongo unaotoka utupwe upande wa chini, ukandamizwe, ukapandwe majani ya tembo, ambayo hushika kingo na kulisha ng'ombe. Sasa swali kubwa: maji yapelekwe wapi? Si kwa jirani. Ugomvi mwingi wa mipaka katika mashamba haya si wa ardhi ila ni wa maji. Yapeleke kwenye migomba yako mwenyewe, ukachimbe mashimo mapana yaliyojaa takataka za shamba; migomba hunywa maji mengi na haina malalamiko.

Mwaka wa mahindi mabaya, fanya mtaro na kuondoa udongo tu, uishie hapo. Kazi hizo ni za jembe, na ndizo zinazookoa nyumba.

Fedha zikipatikana, ndipo zije mifereji ya bati chini ya ukingo wa paa, na tangi. Watu hupenda kuanza na tangi kwa sababu huonekana. Hakuna ubaya, bali wakumbuke uzito: lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Tangi la lita 2,000 lililowekwa juu ya udongo wa kujazia karibu na ukuta mchovu litaukandamiza ule udongo, nao utauvuta ukuta. Liweke mita moja au zaidi kutoka ukutani, juu ya kitako cha mawe kilichojengwa kwenye ardhi ngumu. Maji yanayozidi yawe na bomba lake la kuyapeleka mtaroni. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba ili mbu wasizalie humo, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, maana yanaosha vumbi na mavi ya ndege kutoka paani.

Neno moja juu ya mapaa. Baadhi ya majengo ya zamani yana paa la asibestosi, lile la vigae vipana vya rangi ya kijivu kama saruji. Kenya iliipiga marufuku asibestosi mwaka 2006, kwa kuwa vumbi lake huingia mapafuni na huleta saratani baada ya miaka mingi. Paa hilo likiwa zima, lisiguswe. Usilikate kwa msumeno, usilitoboe, usilivunje kwa nyundo, wala usijenge meko kwa vipande vyake. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira.

Sasa ukuta. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta uliojengwa kwa udongo, au kwa matofali yaliyoshikizwa kwa matope, ni ukuta laini. Hupumua, hunywa unyevu kidogo na kuutoa tena jua likiwaka. Saruji kali ikipakwa juu yake hufanya ganda gumu. Ukuta unapocheza kidogo, kama kuta zote zinavyocheza, ganda halichezi nao, hupasuka. Maji huingia kwenye ule ufa, na kwa kuwa hayawezi kutoka, hukaa nyuma ya ganda yakilainisha udongo. Kwa nje nyumba yaonekana mpya, kwa ndani imekuwa uji. Siku ganda litakapoanguka litaanguka na ukuta. Hii ndiyo sababu ufa wa mwaka jana hurudi.

Basi uache ukuta ukauke kiangazi kizima baada ya kuyaondoa maji. Wakati huo utafute habari za ule ufa. Weka kibandiko kidogo cha plasta juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli. Kibandiko kikiwa kizima baada ya mvua za mwaka, ufa ni wa zamani na umelala, uzibe. Kikipasuka, msingi bado unakwenda, na hakuna kiasi cha plasta kitakachousimamisha.

Ukuta wa udongo hutengenezwa kwa udongo. Changanya udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi na mchanga na majani makavu yaliyokatwa, uache ulale siku chache. Kwa kuwa udongo hautofautiani shamba na shamba tu, bali hata upande na upande wa shamba moja, fanya viraka vinne au vitano ukutani vyenye vipimo mbalimbali vya mchanga, uvitazame baada ya wiki moja. Kile kisichopasuka wala kumomonyoka kwa kidole ndicho kipimo chako. Akina mama waliokandika nyumba zao kwa samadi ya ng'ombe wanayajua haya vizuri kuliko mafundi wengi wa mjini, na ni vyema waulizwe. Ikiwa ukuta ni wa matofali na lazima utumie saruji, iwe hafifu na iwe na chokaa ndani yake; mwambie fundi wazi kwamba hutaki mchanganyiko mkali, kwani atadhani anakufanyia hisani.

Chini ya ukuta jenga kibaraza cha mawe na saruji chenye upana wa futi 3, kiinamie nje, kishuke inchi 1 kutoka ukutani hadi ukingoni. Hapa saruji inafaa, maana kazi yake ni kuyazuia maji. Matope hayataruka tena ukutani, na mama atakuwa na mahali pakavu pa kusimama.

Baada ya hayo ndipo tufike jikoni. Katika boma nyingi jiko ni kipenu kilichoegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, cheusi kwa masizi, chenye mlango mmoja. Moshi wa kuni si usumbufu tu. Madaktari wamethibitisha kwamba huleta nimonia kwa watoto wadogo na maradhi ya kifua kwa watu wazima, na wanaougua zaidi ni mama mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake. Kwa maoni yetu, mtu mwenye fedha za kupaka rangi mbele ya nyumba au za kurekebisha jiko, na akachagua rangi, amepoteza fedha zake.

Kipenu kipya kisifungwe kwenye ukuta wa zamani. Jengo jipya huketi chini kidogo katika miaka yake ya kwanza, na la zamani limekwisha kuketi. Ukiyaunganisha kwa matofali, moja litampasua mwenzake. Simamisha nguzo zake zenyewe, uache mwanya mwembamba kati ya kuta mbili, na ufunike mwanya huo juu kwa kipande cha bati kilichopenya chini ya ukingo wa paa kubwa. Paa la jiko liwe chini kuliko lile la nyumba, liinamie nje. Toa madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, na uache nafasi juu ya ukuta chini ya mabati ambapo moshi utatokea. Meko yainuliwe hadi kiunoni, maana mtoto anayetambaa haangukii moto ulio juu. Kuni zikauke chini ya paa, lakini zisiegemee ukuta wa nyumba, kwani mchwa huja nazo. Wale walio ndani ya mipaka ya mji wa Kitale wapeleke ramani kwa Serikali ya Kaunti ya Trans Nzoia kwanza. Ni afadhali kungoja kibali kuliko kubomolewa.

Kadhalika choo. Kama kipo karibu na kisima, kiangazi kimoja kitolewe kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Shimo jipya liwe upande wa chini wa kisima, si pungufu ya mita 30 kutoka kwacho.

Uwanja huja mwisho, ingawa watoto hutamani uje kwanza. Karibu na jiko tengeneza sakafu ya mawe madogo na maram iliyoshindiliwa vizuri. Sakafu hiyo si ya uzuri tu, kwani mahindi yakianikwa juu ya turubai mahali palipo pakavu hukauka upesi, na mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 hayashikwi kwa urahisi na ukungu wenye sumu. Wasio na mashine waweza kutia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu na kuitikisa: chumvi ikishika chupani, mahindi bado.

Bustani ya mboga iwe mita 2 au zaidi kutoka ukutani, maana bustani hunyweshwa, na ukuta hautaki kunyweshwa tena. Tuta la upana wa mita 1 na robo humwezesha mtu kufika katikati bila kulikanyaga. Chuo cha Manor House karibu na Kitale, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimefundisha wakulima wengi kuchimba matuta ya namna hiyo kwa kina cha majembe mawili na kuyajaza mboji. Mboji hiyo yaweza kutoka katika lile jivu na yale maganda yaliyokuwa yakiupandisha uwanja wako. Panda mnavu, mgagani, mrenda na sukuma wiki. Mparachichi wa kuunganishwa na ukae mita 8 kutoka nyumbani. Mkaratusi usiukaribishe kabisa uwanjani, na kama upo tayari karibu na ukuta, uliza mtu mjuzi kabla ya kuukata, kwa kuwa ardhi iliyokaushwa na mizizi yake huvimba tena mti ukitoweka.

Kisha kila mwaka, mwishoni mwa Februari, kabla ya mawingu kuanza kukaa juu ya Elgon, mtu mmoja wa nyumba apande ngazi atoe majani katika mifereji ya bati, azibue mtaro, akwangue udongo uliorudi kwenye msingi, na asome tarehe iliyoandikwa juu ya kile kibandiko cha plasta.